Tunakihesabu Kama Maji

Wareham, 3 Machi 1976

Mwanangu Ildina,

Mungu akubariki. Natangulia kukubariki kabla hujaomba, maana barua yako ya Krismasi uliianza na habari za theluji ya huko Ujerumani, baraka ukaja kuikumbuka chini kabisa. Nilimwambia shangazi yako Zulmira, hii imeandikwa na Mjerumani, mwanangu hawezi kunisalimu hivi. Mtoto wa visiwa vyetu vya Kaboverde anaanza na "Baba, nibariki", hata kama nyumba inaungua. Usirudie.

Sisi wazima, ila magoti. Miaka yote ile ya kupiga magoti kuchuma matunda kwenye mashamba ya kranberi, na baridi ya kuingia baharini kukuokotea kaa-kwato wako wa maabara, wale wenye gamba la mfano wa kwato ya farasi, sasa yanadai haki yao. Kupanda ngazi za kanisa nashika ukuta kama mlevi. Mei ikifika nisiweze kutembea kwenye matope, Lester Briggs atachukua yeye kazi yote ya kuiletea maabara yenu kaa. Unamkumbuka Briggs? Ndiye aliyepiga simu klabuni kwetu mwaka juzi, maana nyumbani hatuna simu, akajifanya mtu wa kampuni ya ndege, akasema masanduku yasiletwe. Kaa wangu wakafia kwenye majani ya bahari, wake wakapanda ndege. Tangu siku hiyo mimi na simu basi, nataka kuona uso wa mtu.

Sasa sikia. Armindo, yule anayetunza farasi wa mbio, kaniletea chupa. Kimiminika kisicho na rangi, kinanuka kama chaza waliolala. Farasi akivimba mguu wanampaka, kesho yake anakimbia. Nikasoma jina kwenye chupa nikasema mbona hili nalijua: ndicho kile kiyeyushi ulichoniandikia, mnachoyeyushia dawa zenu. Zulmira kaificha chupa chini ya sinki, eti mtu si farasi. Mimi nimesema nangoja neno la mwanangu. Ukisema ni sumu, namwaga. Ukisema sawa, najipaka. Sipaki hata tone kabla hujajibu.

Baba yako,
Teodoro Monteiro


Aachen, 12 Machi 1976

Baba, nibariki.

Umeona? Mstari wa kwanza, tena umekaa peke yake kama mfalme.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili kauliza kulikoni. Hicho kiyeyushi chako hapa kimejaa kabati zima! Dawa ninayoichunguza haikubali kuyeyuka kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo naiyeyusha kwanza humo, ndipo inapenya kwenye seli za jicho la kaa. Ni punda tu, Baba. Punda anabeba mzigo mpaka ndani. Kinachofanya kazi ni mzigo, si punda. Chenyewe hakifanyi kitu. Sisi hapa tunakihesabu kama maji.

Na mzigo wangu unafanya kazi kweli. Nachukua seli moja ya jicho, naichoma sindano nyembamba kuliko unywele, nazima taa, nakaa kwenye giza kidogo, kisha namulika mara moja. Seli ikiona mwanga, kalamu ya mashine inaruka juu ya karatasi. Nikitia dawa nikamulika tena, inaruka nusu, tena kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Profesa Kessenich anasema hiyo ndiyo tasnifu yangu. Naitetea mwishoni mwa Julai, nawe utakaa mbele na suti yako ya harusi. Usiniambie habari ya magoti.

Basi paka. Usinywe tu. Mwambie Shangazi ni kweli mtu si farasi, lakini Teodoro Monteiro si mtu wa kumwachia Briggs kaa.

Mwanao,
Ildina


Wareham, 20 Aprili 1976

Mwanangu,

Mungu akubariki, azibariki na sindano zako.

Pasaka nimepanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta! Watu wamegeuka kutazama. Jioni klabuni nimecheza na Bi Eufrasia mpaka mpiga fidla akachoka yeye. Zulmira alitaka kununa, akashindwa, akacheka.

Kero ni moja. Nanuka kitunguu saumu mdomoni, na sijala kitunguu saumu. Padri alivyonipa komunyo aligeuza uso upande, maskini. Lakini siko peke yangu. Watu waliniuliza, Doro, umepewa magoti mapya? Nikawaambia: binti yangu msomi kasema kihesabiwe kama maji. Sasa Bi Eufrasia anapaka viganja, Armindo anapaka kiuno, nusu ya klabu inanuka kama jikoni kwa Zulmira. Jina lako linatajwa hapa kuliko la daktari. Nakaa naringa tu.

Shangazi yako kanunua balbu za ovyo, nyumba imekuwa giza giza. Nikamfokea, akabadilisha, na hizi nazo vilevile. Siku hizi watu hawatengenezi vitu kwa dhati.

Sanduku la kwanza la kaa liko njiani. Nimewavua kwa reki kwenye maji marefu, wanene hao.

Baba yako,
Teodoro


Aachen, 8 Mei 1976

Baba, nibariki.

Kaa wamefika wazima. Mmoja kaburuta mkia wake mpaka kwenye viatu vya Profesa, nikajua huyu ni wa Baba kweli.

Kuna kijambo kidogo kimenisumbua, nakuandikia kwa sababu wewe hupendi kuachwa nyuma. Dawa iliniishia, chupa mpya haijaja. Kwa kupoteza muda nikaitia seli punda mtupu, bila mzigo, kiasi kilekile ninachotumia siku zote. Nikamulika. Kalamu ikaruka nusu. Nikasema sindano mbovu, nikabadilisha sindano. Nikabadilisha na kaa. Bado nusu. Profesa anasema ni uchovu, nikalale. Nitarudia wiki ijayo. Si kitu.

Hebu nikuulize, udadisi tu: unapaka kiasi gani, na mara ngapi? Magoti peke yake au na kwingine? Halafu mbona mwandiko wako umetoka nje ya mistari, unatembea upande kama kaa? Punguza mvinyo, mzee wangu.

Mwanao,
Ildina


Wareham, 26 Mei 1976

Mwanangu,

Mungu akubariki. Usishangae mwandiko, huu ni wa Zulmira. Kaa wameanza kupanda ufukweni, mikono yangu imelowa maji ya bahari kutwa, kwa hiyo mimi nasema yeye anaandika. Ukiona makosa ni yake. (Hakuna makosa. Z.)

Unauliza kama polisi! Napaka asubuhi na jioni. Magoti, mabega, na sasa shingo. Kitu kikikufaa kwa nini ukinyime?

Mwaka huu ukungu umekuwa mkaidi ajabu. Saa sita mchana bado uko juu ya maji. Armindo anabisha, anasema anga nyeupe kabisa; Armindo huyo hajawahi kuona mbele ya pua yake. Juzi nimegonga uzio wake kwa gari, akaja juu, nikamwambia uzio ndio uliosogea. Tumecheka. Yeye hakucheka sana.

Kaa nimepata wachache kuliko Briggs. Nawakanyaga kwanza, ndipo najua wapo. Lakini usihofu, mwezi ujao maji makubwa yakija nitalipiza. Tasnifu yako haitakosa kaa nikiwa hai.

Vipi kile kijambo chako kidogo? Umekirudia?

Baba yako,
Teodoro


Aachen, 5 Juni 1976

Baba, nibariki.

Kijambo kinaendelea kuangaliwa. Mambo ya maabara hayafai kuandikwa kwenye barua, Profesa hapendi.

Nilitaka kusema tu, hicho kiyeyushi kipumzishe kidogo. Si kwamba kuna hatari. Ngozi nayo inataka kupumua. Na ukipita mjini, mwone daktari wa macho. Si kwa sababu yoyote, ni umri tu, hata mimi nimepimwa.

Nina kazi nyingi. Nala vibaya. Nimeiota kachupa ya Shangazi, kile chakula chetu cha mahindi na maharage.

Mwanao,
Ildina


Wareham, 14 Juni 1976

Ildina mwanangu,

Baba yako hajui kama nakuandikia. Kalala kiti cha ukumbini, nami niko jikoni nimefunga mlango.

Hasomi tena. Tangu Mei barua zako namsomea mimi. Kahawa anaimimina nje ya kikombe, halafu anafuta haraka haraka nisione, kama mtoto. Nikimwambia twende kwa daktari anasema ni ukungu. Ukungu gani unaingia mpaka jikoni? Kaniapisha nisikuambie mpaka umalize mtihani wako mkubwa. Nimeapa, na sasa navunja, Mungu ananiona.

Barua yako ya mwisho nilimsomea neno kwa neno. Ulivyosema "si kwamba kuna hatari", akapiga goti lake akasema, umesikia? Si hatari. Na hapo ndipo alipopata wazo lake. Anasema kama kimeponya magoti, kitaponya macho. Sasa anapaka pembeni mwa macho, Ildina. Na kwenye kope. Nilimnyang'anya chupa, akaniuliza, wewe umesoma wapi? Mwanangu kasema ni maji.

Mimi sikusoma popote. Lakini wewe hukuwahi kuandika barua fupi namna ile, na hukuwahi kumwambia baba yako neno kisha ukalifunika. Kama kuna kitu unakijua, kiseme wazi, umwambie yeye mwenyewe. Mimi hanisikii. Wiki ijayo nitakwenda New Bedford kwa ubatizo wa mjukuu wa rafiki yangu Lidia, nitakaa huko siku kadhaa, maana mama wa mtoto ni mgonjwa. Namwacha na Armindo. Sina amani.

Shangazi yako,
Zulmira


SIMU YA MAANDISHI
Aachen, 24 Juni 1976

KWA TEODORO MONTEIRO. BABA ACHA KIYEYUSHI LEO. USIPAKE KABISA MACHONI. USIENDE BAHARINI. BARUA INAKUJA. ILDINA


Aachen, 24 Juni 1976

Baba, nibariki.

Naomba sasa, kabla hujasomewa mengine, maana ukishayasikia huenda usitake.

Natoka posta kukupigia simu ya maandishi. Klabuni nimepiga, simu inaita tu. Barua ya Shangazi imefika asubuhi hii. Usimgombeze, amenitendea wema kuliko nilivyokutendea mimi.

Nilirudia kile kijambo, Baba. Nimekirudia mpaka nimekichukia. Ndani ya seli niliweka ute wa konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama uji; ute huo unawaka ukikutana na kalsiamu. Jicho likiona mwanga, kalsiamu hupanda ndani ya seli, nayo ndiyo inayoiambia: basi, umeshaona, tulia. Nikaitia seli punda mtupu. Giza, taa nimezima zote, hakuna aliyemulika chochote. Na ute ukawaka. Kalsiamu ilipanda yenyewe. Seli ilikuwa inaambiwa "umeshaona" kabla haijaona kitu. Ukiimulika baada ya hapo, haina habari nawe.

Dawa yangu haifanyi lolote. Aliyekuwa akifanya kazi siku zote ni punda. Mwanzoni tulikipima kiyeyushi kwa kiasi kidogo, kikatulia, tukaridhika. Kisha dawa ikawa ngumu kuyeyuka, mkono wangu ukawa unaongeza, unaongeza, na hakuna aliyerudi kukipima tena. Nani anapima maji?

Matokeo nilimpelekea Profesa mwanzoni mwa mwezi huu. Akasema, "Bi Monteiro, funga kabati. Tetea kwanza, uliza baadaye." Nikafunga kabati. Siku ileile nikakaa nikakuandikia kwamba ngozi inataka kupumua. Nilitaka tasnifu yangu, Baba. Nilitaka ukae mbele na suti yako. Naona aibu, sina neno jingine.

Kaa si mtu. Sijui kama kinachotokea kwenye jicho la kaa ndicho kilichotokea kwenye lako, siwezi kuapa, na ndiyo maana nilinyamaza. Lakini siku nilipokuambia ni maji sikuwa na uhakika pia, na siku hiyo sikunyamaza.

Mwaga chupa. Nenda hospitali na Armindo leo, uwapelekee chupa tupu waione. Waambie na kina Bi Eufrasia waache, waambie Ildina kakosea. Kaa niachie, sihitaji kaa hata mmoja. Nimeiondoa tasnifu kwa mchapaji leo hii, Profesa hanisemeshi. Natafuta ndege ya wiki ijayo. Nikifika nitakuomba baraka ana kwa ana, na ukininyima nitaelewa.

Mwanao,
Ildina


Wareham, 25 Juni 1976

Mwanangu,

Mungu akubariki.

Zulmira yuko New Bedford, kwa hiyo naandika mwenyewe, herufi kubwa, vumilia mistari ikipandana. Nataka ucheke kidogo.

Jana imekuja simu ya maandishi. Armindo kanisomea. Imeandikwa jina lako chini. Inasema niache kupaka, tena inasema nisiende baharini! Nikamuuliza Armindo, "Imeanzaje?"

"Imeanza, 'Baba acha.'"

"Hakuna 'nibariki'?"

"Hakuna."

"Tazama vizuri, labda iko chini."

"Doro, nimesoma yote. Hakuna."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Armindo anasema labda maneno ya simu ni ghali, watu hufupisha. Nikamwambia, wewe una farasi, mimi nina binti. Mwanangu hasemi na mimi neno moja bila kuomba baraka, hata nyumba ikiungua. Huyu ni Briggs. Keshokutwa Jumapili maji makubwa yanakuja, kaa watapanda ufukweni kwa mamia, na mtu mmoja tu hapa Wareham anataka mimi nibaki nyumbani. Katoa wapi anwani yako sijui, mjanja yule. Lakini Teodoro Monteiro hadanganywi mara mbili.

Ulivyonishauri nikipumzishe kile kiyeyushi, nimesikia, nitakipumzisha msimu ukiisha. Nina jambo dogo la macho nalishughulikia, nilikuficha, utanisamehe. Nadhani linapungua. Asubuhi hii nimeuona mwanga mwingi dirishani, mweupe, umejaa dirisha zima.

Jumapili nitakuletea kaa wa kutosha mpaka huyo Profesa wako akimbie. Suti nimeitoa kabatini, Zulmira akirudi ataipiga pasi.

Baba yako,
Teodoro


Wareham, 19 Julai 1976

Mwanangu Ildina,

Nashukuru kusikia umerudi Aachen salama. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Unaniandikia kwamba ulikuta barua yake ya mwisho imesukumwa chini ya mlango wako, na unaniuliza, ningekuwepo siku ile ingekuwaje. Ningekuwepo ningemwambia ile simu ni yako, maana mimi ndiye niliyekuandikia kwa siri. Sikuwepo. Nilikuwa New Bedford nakula keki ya watu. Hilo tutagawana mimi na wewe, mwanangu, usilibebe peke yako.

Armindo bado hapiti ufukweni. Kila siku ananirudia yaleyale, kwamba alimwita, "Doro, huku! Pwani huku!" naye akageuka, akapunga mkono, akacheka, kisha akaendelea kwenda kule kwenye kina, ambako jua lilikuwa linawaka juu ya maji. Anasema alikuwa anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mpaka Armindo anaingia na mtumbwi, kilibaki kikapu cha kaa kinaelea.

Chupa niliimwaga. Lakini Bi Eufrasia bado anapaka. Nimemwambia Ildina kasema vingine, akanijibu, Ildina alisema ni maji, na mimi viganja vyangu havijawahi kuwa vizuri hivi. Jana kanisani alinishika bega akidhani mimi ni Lidia. Njoo tena uwaambie mwenyewe, tafadhali, kwa mdomo wako, mbele ya watu.

Na ile barua ndefu uliyokuwa ukimkimbilia mtu wa posta kila siku ulipokuwa hapa, imekuja. Kwa haraka zako hukuandika nchi; imekwenda kwanza Wareham ya Uingereza, wakazunguka nayo huko, wakaituma huku. Ilikuwa na jina lake, sikutaka kuifungua nyumbani. Nikaenda nayo kaburini kwake Jumamosi, maana tangu Mei barua zako alikuwa akisomewa na mimi.

Nikasoma mstari wa kwanza, "Baba, nibariki." Nikanyamaza hapo kidogo, kama tulivyokuwa tukinyamaza siku zote, kumpa nafasi ajibu.

Kisha nikaendelea kusoma.

Shangazi yako,
Zulmira